Ile Ki Iliyoniponza

Msomaji mmoja wa Kibara ameniandikia kwamba mimi ni mpumbavu, na kwamba angekuwa baba mkwe wangu angenifungulia mbwa. Namshukuru kwa kunisoma. Namwomba tu asiyamalize maneno yake yote, abakize machache, maana makubwa ndiyo ya wiki hii.

Kwa aliyechelewa kuingia kwenye mkasa wangu: naitwa Chrispin, fundi bomba wa hapa Musoma. Nilikuwa na kiwanja Bweri, na matofali elfu mbili na mia tatu niliyoyafyatua kwa mikono yangu ili nimjengee nyumba mke wangu, Esta. Kisha nikaenda semina ya siku tatu Bunda, nikaona mboga zinaota ndani ya bomba bila udongo, nikarudi nimechanganyikiwa. Matofali yote nikampa jirani yangu wa hapo kiwanjani, Twalib, muuza vifaa vya ujenzi, naye akanipa bomba, pampu na nailoni.

Baba mkwe, Mzee Silasi, akaja kutoka Butiama. Akatazama pale yalipokuwa matofali, akamwambia Esta afunge mizigo. Alisema atamrudisha siku nitakapokuwa na nyumba, na si siku moja kabla. Tangu hapo nimekaa miezi minne kwenye chumba cha kupanga Nyasho, peke yangu, nakula mboga za chainizi asubuhi na jioni.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyojichongea.

Siku nilipomaliza kufunga kipande cha mwisho cha nailoni pale Bweri, nilifurahi hata nikasahau kwamba nina ugomvi na watu. Nikamwandikia baba mkwe ujumbe wa simu: "Shikamoo baba. Kwa neema ya Mungu, kitalu nyumba kimesimama."

Kitalu nyumba ndivyo tulivyofundishwa kuliita lile banda la nailoni la kuoteshea mboga. Hata kwenye cheti changu cha Bunda imeandikwa hivyo.

Kesho yake asubuhi mzee akapiga. Sauti ilikuwa laini. Sijawahi kuisikia laini hivyo tangu nimwoe binti yake.

"Mkwe, nimepata ujumbe wako," akasema. "Kitaji, nyumba imesimama. Nimefurahi sana."

"Kitaji, baba?"

"Kitaji siyo mahali pa mchezo. Watu wa maana ndio wanakaaga Kitaji. Jumamosi tunakuletea mwenzio."

Kwa wasioujua mji wetu, Kitaji ni mtaa wa mjini, na mimi sina hata kigingi huko. Nikajua mzee amekosea kusoma. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Hapana baba, si Kitaji, ni kitalu." Ni neno moja tu. Nikafungua mdomo, na mdomo ukasema, "Karibuni sana, baba."

Hilo nalikiri mbele yenu, na mtu wa Kibara aliandike.

Nikamkimbilia Twalib. Huyu baba yake alitoka Pangani, kule Tanga, na akisikia mtu anakosea Kiswahili hukunja uso kama ametafuna jiwe kwenye wali.

"Uliandika kimesimama?" akaniuliza.

"Kimesimama."

"Basi mkweo hakusoma. Nyumba haisimami kwa ki. Nyumba imesimama, kitalu kimesimama. Angelikuwa mtu wa kwetu angelishtuka palepale kwenye ile ki."

"Huku ki haimshtui mtu," nikamwambia. "Mzee anaweza kukwambia gari kimeharibika na mbuzi limepotea, na siku ikaenda vizuri."

Twalib akafikiri. Akasema kinachofanya nyumba iwe nyumba ni mtu kulala ndani yake, kwa hiyo niweke kitanda. Akanipa cha kwake. Mke wake, Siwema, akaleta mapazia mawili ya maua, na pamoja nayo saa ya ukutani, ambayo kwa kukosa ukuta tuliining'iniza kwenye bomba la spinachi.

Tatizo la nailoni ni kwamba inaonyesha. Nilipokuwa natandika shuka, watu waliotoka stendi ya mabasi iliyo jirani walisimama kunitazama, na mama mmoja muuza dagaa akauliza kama pale pamefunguliwa duka la vitanda.

Jumamosi, saa saba mchana, simu ikaita.

"Mkwe, tuko Kitaji," akasema Mzee Silasi. "Tumeuliza nyumba ya Chrispin fundi bomba. Hawakujui."

"Baba, ni Bweri."

"Bweri gani? Si ndipo tulipotelemka kwenye gari? Tumepanda bajaji kutoka hapo mpaka huku."

"Rudini hapo hapo, baba. Ni kiwanja kile kile, nyuma ya stendi."

"Nyumba ilikuwa Kitaji, ikahamia Bweri?"

"Nitaeleza mkifika."

"Utaeleza," akasema mzee, na ile sauti laini ilikuwa imekwisha.

Wakaja watatu. Mzee alitangulia na koti lake la kanisani. Nyuma yake mama mkwe, kuku kwapani na mfuko wa unga wa mtama kichwani. Mwisho kabisa Esta, na begi lile lile aliloondoka nalo.

Niseme ukweli, nilimkumbuka huyu mwanamke mpaka mwili uliniuma. Nilipomwona anavuka barabara akiangalia kulia na kushoto, nilitaka kulia kama mtoto. Nikamsalimia baba yake badala yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nyumba iko wapi?"

Mama mkwe alinisalimia kwa mbali, uso ameugeuzia pembeni, akageuza ndoo yangu tupu akaikalia nje chini ya jua. Msimfikirie vibaya. Katika ukoo wa mke wangu, mama mkwe haingii nyumba ya mkwewe wa kiume. Akija anakaa uani, na chakula analetewa huko huko. Shambani ni tofauti. Shambani mkwe na mama mkwe wanaweza kulima bega kwa bega kutwa nzima na hakuna mwenye neno. Likumbukeni hilo, mtalihitaji.

Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia maelezo yangu, mzee akaanza kutembea. Lakini hakwenda kwenye nailoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye stoo mpya ya Twalib iliyo mpakani mwa kiwanja changu, vyumba viwili, bati la bluu.

Akagusa tofali. Akagusa la pili.

Hapa inabidi nieleze jambo la aibu. Nilipokuwa nafyatua yale matofali, kila moja nililichora herufi E kwa kidole kabla halijakauka. E ya Esta. Na mafundi wa Twalib, kwa sababu wanazozijua wenyewe, walizigeuza E zote nje.

"E," akasema mzee. "E. E. Tena E." Akageuka, na macho yake yalikuwa na maji. "Kumbe ulimwandika mke wako nyumba nzima."

"Baba," nikasema.

"Nyamaza. Nilikusema vibaya mbele za watu. Tuombe."

Akavua kofia. Akauombea mlango, akaliombea bati, akaomba watakaolala humo wasiote ndoto mbaya na wasikose mtoto wa kiume na wa kike. Esta alikuwa amejiinamia, mabega yanamcheza, na sikujua kama analia au anacheka. Mzee alipofika mwisho, mimi nilisema amina. Hilo ni kosa langu la pili, nalikiri pia.

"Amina," ikasema sauti nyingine. Mlango ulioombewa ukafunguka, Twalib akatoka na boksi mkononi. "Karibuni. Mnatafuta misumari?"

Mzee akamtazama. Akanitazama mimi. "Huyu nani?"

"Jirani yangu, baba."

"Anatafuta nini ndani ya nyumba yako?"

Twalib alinionea huruma, nilimwona. Lakini ni mtu anayesali, na uongo wake huwa haufiki mbali. "Hii ni stoo yangu, mzee," akasema taratibu. "Ya Chrispin ni ile pale."

Mzee akafuata kidole.

"Ile nailoni?"

"Ile nailoni."

Mzee hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Akavaa kofia, akaingia kwenye kitalu, nasi tukamfuata. Joto la mle ndani saa nane mchana linaweza kuivisha ugali. Pampu ilikuwa ikiunguruma kwenye pipa lake, maji yanapita kwenye bomba, spinachi na chainizi zimejaa vizuri. Kwa kweli zilipendeza, lakini haikuwa siku ya kusema hivyo.

"Ukuta iko wapi?"

"Ndio huo, baba. Huo unaotikisika."

Akang'oa mche mmoja wa spinachi kwenye tundu lake, akaangalia mizizi myeupe inavyochuruzika maji. "Udongo iko wapi?"

"Hautumiki. Mizizi inakunywa maji yenye mbolea, pampu inazungusha."

"Mboga inaishi bila udongo, na wewe unaishi bila nyumba," akasema. "Mmepatana." Akaurudisha mche kwa uangalifu, maana ni mkulima. "Na kitanda hii ya nani?"

"Ya Twalib."

"Saa?"

"Ya Twalib."

"Pazia?"

"Za Siwema, mke wa Twalib."

"Sasa wewe una nini?"

"Spinachi, baba."

Akakaa kwenye kitanda cha Twalib, jasho linamtoka kwenye koti. "Uliniandikia Kitaji."

Nikaona sasa basi. "Niliandika kitalu, baba. Kitalu nyumba kimesimama. Nikajua umekosea kusoma, nikanyamaza, kwa sababu ulisema utamleta Esta. Kosa ni langu."

"Mimi nimekosea kusoma?" Mzee akanishangaa. "Mimi sikusoma. Miwani yangu mbuzi ilikanyaga tangu Krismasi. Alinisomea huyu."

Tukamgeukia Esta wote. Alikuwa ameinama kwenye pampu, anaikagua kama ndiye aliyeinunua.

"Esta," mzee akaita. "Ulisoma nini?"

"Nilisoma Kitaji."

"Iliandikwa Kitaji?"

"Iliandikwa kitalu, baba."

"Na hiki kitalu wewe unakijua?"

"Nakijua. Miche ya kwanza niliotesha mimi, kwenye vipande vya sponji ya godoro letu, kabla hujanichukua."

"Kwa nini sasa?"

Esta akainuka. "Kwa sababu ulisema nyumba. Ungesikia kitalu ungezima simu. Nimekaa kwako miezi minne nachunga mbuzi zako, na mume ninaye. Nilisoma nilichotaka kiwe kimeandikwa. Nikatoa na ile ki, nikaweka i, usije ukauliza."

Wiki nzima nilikuwa nimebeba uongo nikidhani ni wangu peke yangu, kumbe mwenzangu alikuwa ameshika upande wa pili. Sijui kama kuna mwanaume aliyewahi kufurahi hivyo kwa kugundua kwamba mke wake ni mwongo.

Mzee yeye hakufurahi. "Bebeni begi," akasema. "Tunarudi Butiama. Siku akijenga nyumba ya kweli, atakuja kunionyesha picha, na picha nitaangalia mwenyewe."

Begi lenyewe lilikuwa halijafunguliwa. Esta akaniangalia, nami nikaliangalia begi, maana neno la baba yake lilikuwa lile lile la miezi minne, nyumba kwanza, na nyumba sikuwa nayo.

Ndipo mvua ikaja. Ilitokea upande wa ziwa, nzito, bila manyunyu ya kutangulia.

Mzee akachungulia mlangoni. "Mama Esta, ingia ndani. Unaloana."

"Siingii," mama mkwe akajibu kutoka kwenye ndoo yake.

"Kwa nini?"

"Ni nyumba ya mkwe."

"Siyo nyumba. Ni shamba. Shambani si tunaingiaga wote?"

Esta akanishika mkono ghafla, kwa nguvu. Nami nikaelewa. Mama akiuvuka ule mlango, hapo pamekuwa shamba, na jioni hiyo mke wangu anarudi Butiama. Akibaki nje, mimi nina nyumba.

Mama mkwe hakuwa na haraka. "Kuna kitanda humo ndani?"

"Ipo. Ya kuazima."

"Kuna saa?"

"Ipo."

"Nani atalalaga kwenye hicho kitanda?"

Mzee akakitazama kitanda. Mvua ikazidi.

"Mimi, mama," akasema Esta.

"Basi siingii."

Siwema akakimbia kutoka kwake na mwavuli. Mama mkwe akamshukuru, akamwomba asubiri kidogo nao. Kuku peke yake ndiye hakuwa na wakwe wa kuheshimu. Alichoropoka, akaingia kitaluni, akaanza kudonoa chainizi, na hakuna aliyemfukuza.

Nilimwona yule mama kupitia nailoni. Kanga ilikuwa imemgandamia mabegani. Alikuwa ameinama juu ya mapaja yake, nami nikadhani ni baridi, kumbe alikuwa ameukumbatia ule mfuko wa unga wa mtama usilowe. Ni unga alioutwanga kwa ajili ya nyumba ya binti yake. Nilitamani kumfuata nimfunike na koti langu, lakini mkwe hamsogelei mama mkwe hivyo, na yeye alikuwa amekaa pale kwa ajili ya heshima hiyo hiyo.

"Baba Esta," akasema, bila kupaza sauti. "Wewe sema hii ni nini. Ukisema shamba, naingia sasa hivi, nikauke, twende kwetu. Ukisema nyumba, nabaki hapa mpaka mvua iishe. Mimi sina haraka."

Mzee akatazama spinachi. Akatazama saa kwenye bomba lake. Akatazama, kupitia nailoni, zile E zinavyolowa kwenye stoo ya Twalib. Mwisho akamtazama mkewe, akamtazama kwa muda mrefu.

"Ni nyumba," akasema, taratibu mno, mngurumo wa pampu ukataka kummeza sauti.

"Sijasikia," akasema mama mkwe.

"Nimesema ni nyumba."

Esta akalia. Mimi pia nililia, nikasingizia joto. Nje, mama mkwe aliinuka kwenye ndoo yake, akajikamua kanga, sasa akaupokea mwavuli wa Siwema, wakaenda zao kukaa barazani kwa Twalib na mfuko wao wa unga. Hakunitazama, kama ilivyo desturi. Ila alipopita karibu na mlango alisema, kama anamwambia kuku, kwamba nyumba ikipata na ukuta siku moja haitakataa.

Ningeishia hapo, mngenipenda. Lakini Mzee Silasi alikuwa bado amekaa kitandani.

"Haya," akasema. "Begi libaki. Tutaonana Jumapili ya wiki ijayo."

"Jumapili, baba?"

"Si nilitangaza kanisani? Mkwe wangu amejenga Kitaji. Walipiga makofi. Wanakuja kubariki nyumba. Kwaya peke yake ni watu ishirini na wawili."

Nikakiangalia kitanda kimoja cha Twalib. "Utawaambia ni Bweri, baba. Na utawaeleza kidogo kuhusu nailoni."

"Mimi nimeshasema neno moja leo, limenitosha," akajibu, akafuta jasho. "Tena mchungaji aliuliza nilijuaje. Nikamwambia kuna ujumbe kwenye simu. Ameomba ausome mwenyewe, mbele ya watu wote, ndipo aanze kubariki."

"Mchungaji yupi, baba?" Esta akauliza, na machozi yalikuwa yamemkauka. "Yule wa zamani?"

"Wa zamani alihamishwa Nyamuswa. Huyu mpya ni mtu wa Tanga."

Nikamgeukia Twalib, aliyekuwa amesimama mlangoni na boksi lake la misumari. Alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa, na midomo yake ilikuwa inatamka ki, ki, bila kutoa sauti.